Gari la Mkunga Linalia

Mkunga alifika gereji kwa mara ya tatu siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, akiwa bado na sare ya kazini. Fundi Mkubwa alikuwa amelala chini ya pikapu, miguu nje. Mama yule alimwita mara mbili. Alipoona kimya, aligonga bodi ya pikapu kwa ufunguo, na hapo ndipo fundi alipojivuta nje na kujifuta mikono kwenye suruali.

"Pole na kazi, fundi. Linalia bado."

"Linalia?"

"Linalia. Mtaa mzima unanijua sasa."

Gereji ile ilikuwa ya ndugu wawili, na watu waliwaita Fundi Mkubwa na Fundi Mdogo. Majina hayo hayakutokana na miili, maana mdogo alikuwa pandikizi la mtu na mkubwa mwembamba kama wilispana. Ilikuwa ni nani alitangulia kuzaliwa, basi. Mkubwa alikuwa na miaka hamsini na sita, na zaidi ya thelathini kati ya hiyo aliimaliza kwenye nyundo, msumeno wa umeme na mashine ya kusagia chuma. Sifa yake ilikuwa masikio. Zamani gari lilipita barabarani yeye akiwa ameinamia injini nyingine, naye akasema bila kugeuka, "Hilo, beringi ya nyuma haimalizi mwezi," na mwezi haukuisha. Wateja walipenda kusimuliana habari hizo, wengine wakitia chumvi kidogo.

Wiki tatu nyuma Fundi Mdogo alikuwa ameteleza kwenye ngazi akibandika bati la paa. Sasa alikuwa nyumbani na plasta mpaka pajani, na Mkubwa alikuwa peke yake na kazi zote.

Gari la mkunga lilianza kama kazi ya kawaida tu. Pedi za breki za mbele zilikuwa zimelika mpaka karibu na chuma, akazibadilisha, akalijaribu mpaka mzunguko wa barabara na kurudi, akamkabidhi mwenyewe. Siku ya nne mama alirudi na malalamiko mawili: usukani unatetemeka akikanyaga breki, na kuna mlio kama wa mtu anayekwaruza kioo kwa msumari. Fundi aliendesha hatua hamsini tu, akaupata mtetemo kwenye viganja. Alivua magurudumu, akavua diski, akakuta kutu imejaa pale diski inapokaa, hivyo haikulala sawasawa. Alisugua kwa brashi ya waya, akamalizia na msasa, akarudisha kila kitu na kukaza nati kwa kupishanapishana kama inavyotakiwa. Mtetemo ukaisha kabisa. Alimrudishia mama ufunguo akiwa na furaha ya mtu aliyepiga ndege wawili kwa jiwe moja, kwa sababu mlio nao hakuusikia.

Na sasa mama yule alikuwa amesimama mbele yake tena.

"Mtetemo umekwisha, Mungu akupe afya," alisema. "Lakini mlio uko palepale."

Fundi aliingia kwenye gari, akaliendesha mpaka mzunguko, akafunga breki mara sita, polepole, kwa nguvu, kwa kugusagusa. Alisikia injini, matairi juu ya changarawe, kiti kikiguna. Akarudi.

"Mama, gari lako limetulia. Pedi mpya zinahitaji siku chache zizoeane na diski. Ukiingoja kelele muda wote, hata isiyokuwepo utaisikia."

Mkunga alimtazama usoni kwa namna ambayo fundi hakuipenda, kama anavyotazamwa mgonjwa anayesema haumwi.

"Wewe husikii kitu?"

"Kitu ambacho hakipo nitakisikiaje?"

"Sawa. Panda. Niendeshe mimi, wewe kaa hapo pembeni. Usisikilize breki. Tazama watu."

Alipanda, akijisemea moyoni kwamba wateja wengine unawavumilia tu. Waliteremka barabara ya maduka. Mbele ya duka la vitambaa mkunga alikanyaga breki taratibu. Fundi Mkubwa hakusikia kitu. Lakini fundi cherehani aliyekuwa kibarazani aliinua kichwa ghafla, akakunja uso. Mwanamke aliyekuwa akivuka na mzigo alitoa mkono mmoja akaziba sikio. Wanaume watatu waliokaa kwenye benchi waligeuka kwa pamoja, na mmoja akasema neno wenzake wakacheka. Mtoto mgongoni mwa mama yake alifumbua mdomo akaanza kulia, na kilio hicho fundi alikiona kabla hajakisikia.

"Tena," alisema, na sauti yake mwenyewe ilimtoka nzito.

Mkunga alisogea kidogo, akakanyaga tena penye duka la simu. Nyuso zikageuka. Mbwa aliyelala kivulini alisimama, akaondoka. Ndani ya gari, kwa Fundi Mkubwa, kulikuwa na injini, matairi, na kimya kilichokaa mahali pa mlio.

Alihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi ya mwisho ambayo haipo. Kwa dakika nzima alitafuta njia ya kutokea: labda mama huyu amepanga na watu, labda wanamgeukia yeye, fundi wao, kumsalimu. Lakini mbwa hapangwi na mtu.

Mkunga aliegesha pembeni na kuzima injini. Alichukua faili lake la kliniki kwenye kiti cha nyuma, akaziba nalo mdomo, akamtazama juu ya ukingo wake. Fundi alisikia mvumo, kama redio ya jirani ukutani, ukipanda mwishoni kama swali.

"Ndiyo," alijibu.

Mkunga alishusha faili. "Nimekuuliza una watoto wangapi."

Fundi alitazama mikono yake juu ya mapaja, ile mikono iliyoupata mtetemo ndani ya hatua hamsini, akashindwa kuitambua.

"Umekuwa unanisoma midomo, fundi, tangu siku ya kwanza, na nadhani hata mwenyewe hujui. Sauti nzito unazisikia. Nyembamba zimekwenda." Alisema hayo akimwelekea, pole pole. Kisha akaandika barua fupi kwa mwenzake wa kitengo cha masikio, akamtilia mfukoni mwa shati, kwa sababu fundi mwenyewe hakunyoosha mkono kuipokea.

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya gereji, ua mmoja, milango miwili. Waliporudi, Fundi Mkubwa alimwacha mkunga kwenye benchi, akaingia kwa mdogo wake bila kubisha hodi. Fundi Mdogo alikuwa kwenye kochi, plasta imelazwa juu ya stuli, na mke wa Mkubwa alikuwa pale akimmiminia shemeji yake chai. Fundi Mkubwa alisimama katikati ya chumba na kusimulia: mlio, nyuso, mbwa, faili. Alitegemea washtuke. Alitegemea mdogo wake aseme, kaka, haiwezekani.

Hakuna aliyeshtuka. Mke wake aliweka birika chini kwa uangalifu mno. Fundi Mdogo alikuwa anatazama plasta.

Hapo moyo wake ulishtuka mara ya pili, na vibaya zaidi ya kule barabarani.

"Mlijua."

"Kaka, kaa kwanza."

"Nimesimama vizuri. Mlijua tangu lini?"

Fundi Mdogo alikohoa. Alikuwa mtu wa mzaha, anayeweza kuvunja watu mbavu hata msibani, lakini sasa mzaha ulimkimbia. "Miaka miwili. Na zaidi kidogo. Unakumbuka kila ukimaliza gari mimi nilikuwa nasema nalipeleka kutia upepo?"

"Upepo."

"Nilikuwa nalizungusha. Nikisikia kitu nalirekebisha kulekule nyuma ya kituo cha mafuta, kisha namkabidhi mwenyewe. Sikutaka watu waseme. Wewe ndiye uliyenifundisha kazi hii, kaka. Ningekuambiaje kwamba hujasikia?"

Fundi Mkubwa alimgeukia mke wake. Walikuwa wameishi pamoja miaka ishirini na tisa, na hakuwahi kumwona akikosa pa kuweka macho.

"Nilidhani utagundua mwenyewe," mke wake alisema. "Nikaanza kuongea kwa sauti kubwa. Nikazoea. Kisha ikawa muda umepita sana, nikaona haya." Halafu akaamua kumwaga yote. "Mjukuu wako anasema babu hampendi. Anakuita kwa kile kisauti chake, wewe unapita. Nimemwambia babu ana mawazo ya kazi."

Fundi Mkubwa alikaa basi. Alikaa kwenye mkono wa kochi, karibu aikalie plasta. Kile kibinti cha miaka minne, kinachokuja kila Jumapili. Alikuwa akikisema kwamba ni mtoto mkimya, na hata alikisifu kwa ukimya huo mbele za watu. Ni miezi mingapi kimekuwa kikimwita? Alitaka kukasirika, na hasira ilikuwepo, lakini ilikuwa mbali kama imefungiwa chumba cha pili. Kilichokuwa karibu ni mshangao mtupu: watu wawili aliokula nao kila siku walikuwa wakimbebea mzigo ambao hakujua kama anao.

Kisha akili ya kazi ikamrudia, nayo ikaja na mshtuko wake.

"Wiki hizi tatu umelala hapa," alisema. "Nani aliyazungusha magari?"

Fundi Mdogo alikuwa ameshalifikiria hilo, ilionekana usoni.

Yalikuwa magari kumi na moja. Mke wa Mkubwa alileta daftari la kazi na simu, akawapigia wenyewe mmoja baada ya mwingine, kwa sababu mumewe sasa aliogopa hata kushika simu. Hakuficha. "Mume wangu amegundua hasikii vizuri," aliwaambia. "Anaomba ulirudishe gari litazamwe upya." Fundi Mkubwa alikaa akimtazama midomo akisema hivyo mara kumi na moja, na kila mara ilikuwa kama anasemewa mtu mwingine. Tisa waliahidi kuja kesho yake. Mmoja alisema gari lake linanguruma nyuma tangu alichukue, alidhani ndiyo kawaida. Wa mwisho alicheka, akafikiri anataniwa.

Mkunga alikuwa bado anangoja kwenye benchi la gereji. Fundi alirudi, akaliinua gari lake kwa jeki na kuvua magurudumu ya mbele. Chanzo cha mlio alikijua kabla hajakigusa. Kichwani mwake hakukuharibika kitu. Nyuma ya kila pedi hukaa kibati chembamba cha kuzuia chuma kutetemea chuma. Pedi hizi mpya zilikuja bila vibati, na vile vya zamani vilikuwa vimeoza, akavitupa. Alijiambia siku ile: nitalijaribu, likilia nitatafuta vingine. Ndivyo alivyofanya kazi maisha yake yote. Masikio ndiyo yaliyokuwa yanamwambia kama kazi imekwisha, na yalipoanza kumwambia uongo aliyaamini kama mtu anavyomwamini ndugu.

Alifunga vibati vingine, akachonga ncha za pedi kwa tupa ziwe za mshazari, akapaka grisi kidogo kwenye njia za pedi, mbali na diski. Kisha akaenda kumchukua mdogo wake. Ilibidi wamwingize garini kwa mlango wa nyuma, matako kwanza, plasta ikatanda kiti kizima, mkunga akielekeza kama anazalisha.

Fundi Mkubwa alimwacha mkunga gereji, akateremka barabara ya maduka. Akafunga breki mbele ya duka la vitambaa. Fundi cherehani hakuinua kichwa.

"Sema," alisema, macho kwenye kioo cha ndani.

"Safi."

Alifunga tena penye duka la simu.

"Safi, kaka."

Fundi Mkubwa alimwona mdogo wake kwenye kioo: alikuwa anatazama nje. Miaka miwili uso huo ulimwambia naenda kutia upepo. Aliegesha gari, akageuka mzimamzima kwenye kiti mpaka wakawa uso kwa uso.

"Niangalie. Usinipake mafuta. Umesikia nini?"

Fundi Mdogo alikuna plasta kana kwamba kucha zingeufikia mguu uliokuwa ndani. "Upande wa kushoto," alisema mwishowe. "Kidogo sana. Mwishoni kabisa, gari linapotaka kusimama. Mama wa watu hatausikia."

"Lakini wewe umeusikia."

"Nimeusikia."

Kwa mara nyingine siku ile alihisi sakafu ikimkimbia. Mlio ulikuwepo, futi nne kutoka kichwani mwake, na asingeujua milele. Kesho wangekuja watu tisa, na kila mmoja angemwangalia masikio kabla ya kumwangalia usoni. Jumanne angekwenda na ile barua, na huko wangemwambia, kama walivyokuja kumwambia kweli, kwamba kilichokwenda hakirudi, ila kuna kifaa cha kuvaa kitakachomsaidia na maongezi.

"Huo mlio unalia kama nini?" aliuliza. "Usiniambie unalia tu. Kama nini?"

Fundi Mdogo alifikiri. Hakuna aliyewahi kumwuliza swali kama hilo. Yeye ndiye aliyekuwa akimwuliza kaka yake. "Kama kikombe kinachosukumwa juu ya sahani. Mara moja, halafu kinaacha."

"Kinaacha gari likisimama, au kabla?"

"Kabla. Kidogo kabla."

"Basi ni kile kishikizo cha chini. Kimelegea, pedi inacheza." Aliwasha injini. "Tukifika, mwambie mkunga nusu saa nyingine."

"Kaka, nitamwambiaje na nimekwama huku nyuma?"

"Paza sauti," alisema Fundi Mkubwa, akaligeuza gari kulirudisha kwenye jeki.