Mbolea ya Maguu na Kifungu cha Usalama

Siku ya tisa Shamimu aliingia ghala la mpakani Lituhi bila kumsalimia mtu. Mifuko yake mia mbili ya mbolea ya kukuzia ilikuwa bado imefungiwa humo, mvua zimeshakolea, na huko juu Maguu mahindi yaliyofika magotini yalikuwa yameanza kugeuka manjano. Wiki moja zaidi na mbolea hiyo isingemfaa mkulima yeyote msimu huu. Na ni yeye Shamimu, kwa mdomo wake mtamu wa kibiashara, aliyewazuia watu wa Maguu wasiagize kwingine.

Watu wa ushuru walikuwa wamemalizana naye siku ile ile ya kwanza. Mzigo umetoka Malawi, cheti cha uasili anacho, nchi zote mbili zimo katika mkataba mmoja wa kanda, ushuru hakuna. Aliyemkwamisha ni Augustino, afisa usalama wa mpakani, mgeni wa mwaka huu, mashati yamenyooshwa hadi yanakera. Shamimu alimchukia tangu alipomwona, na kila siku iliyopita alizidi kujipongeza kwa hilo.

"Mama, nilishakueleza," Augustino alisema. "Mkataba unaruhusu biashara huru, lakini una kifungu. Nchi ikiona bidhaa inagusa usalama wake, inaizuia."

"Mbolea inagusa nini?"

"Aina hii watu wanaweza kutengenezea baruti."

"Na anayeamua kwamba inagusa usalama ni nani?"

"Nchi yenyewe."

"Hapa Lituhi nchi ni nani?"

Augustino alifunika kalamu yake. "Kwa sasa ni mimi."

Mkono ulimwasha Shamimu. Akaukunja ndani ya mtandio. "Juzi ulisema nikuletee mwenyekiti wa wakulima athibitishe kuwa mbolea ni ya shamba, uniachie mzigo. Yuko nje, na lori lake la Fuso."

Mzee Raimundi aliingia na koti la kanisani, matope hadi kwenye ugoko.

"Shikamoo, mzee," Augustino alisema. Adabu hiyo walau alifundishwa.

"Marahaba, mwanangu. Fungua mfuko."

Mfuko ukafunguliwa. Raimundi akachota punje chache, akaziweka ulimini, akafumba macho. Ndivyo wanavyopima watu wa Maguu tangu walipouziwa chumvi ya ng'ombe ndani ya mifuko ya mbolea: halisi inapoyeyuka huacha ubaridi mdomoni. Mzee akatema mlangoni, akatabasamu.

"Ya baridi. Ni yenyewe."

"Kwa hiyo ni ya shamba tu?" Augustino aliuliza.

Ile "tu" ilimchoma Raimundi. Hakushuka milima yote ile ili kitu chake kidharauliwe na mtoto wa juzi.

"Ya shamba, lakini ina nguvu hii. Mwaka juzi ilitubakia kidogo, tukampa fundi wa kokoto, akapasulia ule mwamba uliotuzibia barabara. Vigae vya kanisa la kigangoni vilianguka, mwanangu. Usiione hivi."

Shamimu alimkanyaga mguu. Mzee akausogeza, akamwomba radhi kwa kumkalia njiani.

Augustino alifunua kalamu, akaandika polepole. Shamimu aliinama kuangalia fomu aliyokuwa akiijaza. Mahali pa kujaza sababu ya kuzuia mzigo palikuwa patupu hadi dakika ile. Siku tisa nzima mwanamume huyu alikuwa amewanyima watu mbolea bila kujua hata aandike nini, na sasa mistari ilikuwa inajaa. Kilichomuuma zaidi ni kwamba hadi asubuhi ile Augustino alikuwa akitunga, na sasa hakuhitaji tena kutunga.

"Weka sahihi hapa, mzee. Ni maneno yako mwenyewe."

Raimundi akaweka, kwa mwandiko mzuri wa shule ya misheni. Kisha akatoka akamwelekeza dereva arudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Vijana wake wakakunja mikono ya mashati.

"Shamimu, mwanangu," aliita, "tuanze kupakia upande upi?"

Nyuma yake Augustino alikuwa anabana kufuli.

"Mbolea haitoki, mzee," Shamimu alimwambia, kwa sauti ya kusikika hadi kwa mtu wa mwisho garini. "Umeizuia wewe."