Kiti Kilichonimwaga

Niliacha upimaji ardhi baada ya miaka kumi na mmoja ofisini, stashahada yangu ikiwa bado inaning'inia ukutani, na rafiki yangu Sekela akaacha kufundisha kemia, tukafungua duka la vitu vya kale na kazi za mikono hapa Mbeya. Nayasema haya mapema ili ujue ni nani aliyelala mchana ule wa Jumamosi juu ya rundo la makoti ya zamani, akaota. Asubuhi ilikuwa imenichafukia. Mwalimu Sanga, mstaafu, alirudisha kiti cha henzirani cha marehemu baba yake, ambacho tulikuwa tumekisuka upya. Mimi nilikuwa nimekiwekea pima maji, nikaona miguu ya mbele imeizidi ya nyuma kwa vidole viwili, nikaikata mpaka kikawa sawa kama kiwanja kilichopimwa. "Mwanangu," alisema Mwalimu taratibu, "kiti cha baba kilikuwa kinanikumbatia. Hiki kinanimwaga." Aliyasema mbele ya Baba Mdogo Mwakalinga, aliyekuja na barua aliyoiandika yeye mwenyewe, ya mimi kumwomba radhi mkurugenzi wangu wa zamani ili nirudishwe kazini. Ilikosa sahihi yangu tu. "Umeona mwenyewe," Baba Mdogo akaniambia. "Nitaifuata saa kumi. Kalamu ninayo, usije ukasema imekosekana." Wakaondoka wote, Sekela akaenda kutafuta mbao, nami nikajilaza na uchungu wangu.

Nikajikuta katika nchi tambarare isiyo na kilima hata kimoja, barabara zake zimenyooka kama uzi uliovutwa, hewa yake haina harufu ya kitu chochote. Pande zote kulikuwa na viti virefu vilivyosawazishwa barabara, na watu wamekaa juu yake wakiteleza kidogo kidogo kuelekea mbele, kila mmoja amekumbatia kibao chenye jina lake kwa mikono miwili ili asianguke. Ile ilikuwa nchi ya Cheo, na karani wake, Aibu, mwanamke wa sauti laini na viatu visivyotoa mlio, alinipokea kama mtu wa nyumbani. "Karibu, binti," alisema. "Watu walikuulizia sana. Tuliwaambia unaumwa." Akanionyesha kiti kitupu, jina langu likiwa tayari limechongwa kwenye kibao, na akaninyooshea karatasi niliyoitambua kwa mwandiko: ilikuwa barua ya Baba Mdogo. Naapa mkono wangu uliinuka kupokea kalamu, maana mtu aliyechoka huona kila kiti kuwa ni pumziko.

Hapo akatokea mwanamke mwingine, aproni yake imejaa vanishi, kidole gumba kimoja kimevilia damu kwa nyundo. Hakunisalimia. "Angalia mikono yao kwanza," alisema, "ndipo ukae." Nikaangalia. Ilikuwa mikono laini iliyosahau kushika kitu kingine chochote isipokuwa kibao. "Mimi ni Ustadi," aliendelea. "Usidhani nazitukana ofisi. Wapo wanaozipenda kazi zao, na hao huwaoni hapa kwa sababu muda huu wako kazini. Hapa wamebaki wanaoogopa kushuka."

Akanichukua hadi ukingoni mwa nchi ile, ambako udongo ulianza kuinuka na kushuka, na pale nikamwona fundi mmoja wa zamani akimkalisha mtu aliyetoka shamba juu ya kifusi cha udongo. Fundi alizunguka akimtazama mgongo, akaongeza udongo chini ya mapaja, akatazama tena, mpaka mabega ya yule mtu yakashuka na macho yake yakajifumba. Ndipo akachukua msumeno. Nikakijua kiti cha baba yake Mwalimu kabla hakijawa kiti. "Kumbe alikiinamisha nyuma makusudi," nikasema. "Mimi nimepima sakafu, yeye alipima uchovu." Nikalia pale, bila kujificha. "Nimekiharibu."

"Ndiyo, umekiharibu," alijibu Ustadi, bila kunipoza. "Aliyekuambia kwamba anayejua kazi hakosei ni Aibu, na Aibu hajawahi kushika msumeno. Mimi nauliza moja tu: utakitengeneza, au utakiombea radhi?"

"Wewe, makoti hayo yanauzwa," sauti ya Sekela ilisema, na mguu wake ukanisukuma. Ilikuwa saa nane. Nikaamka nikiwa najua la kufanya kama mtu ajuavyo njia ya kwao. Tukachonga vipande viwili vya mninga, tukaviunga kwenye miguu ya mbele kwa vigingi na gundi, nikapima kwa kumkalisha Sekela, pima maji nikaitupia kabatini. Yeye alitaka tupake rangi ili kiungo kisionekane. Nikamkatalia. Mbao nyekundu kwenye mguu mweusi, ionekane, mtu aulize, nimjibu.

Saa kumi Baba Mdogo aliingia na barua yake, akajibweteka kwenye kiti kilichokuwa karibu, ambacho ndicho kile kile, huku akipapasa mfuko wa shati kutafuta kalamu. Mkono ukaishia mfukoni. Mgongo wake ukaegemea, magoti yakalegea, akapumua kama mtu aliyevua viatu vilivyombana.

"Hiki ni cha nani?" akauliza.

"Cha Mwalimu Sanga, Baba Mdogo. Kesho namrudishia."

"Si kilikuwa kinamwaga watu?"

"Kilimwaga. Nilikosea, nimekitengeneza, na Mwalimu nitamwambia hivyo hivyo."

Akaninyooshea ile barua pasipo kuinuka. "Basi na hapa useme umekosea. Neno moja tu, mwanangu."

Nikaikunja mara nne, nikaichomeka chini ya meza yetu inayoyumba, ikatulia.

"Kwa hilo sijakosea, Baba Mdogo. Siombi radhi."