Miguu ya Mzee Shekolowa Yaenda Barazani

Jumatano, saa nne na robo asubuhi, Mzee Shekolowa aliota miguu yake imemkimbia.

Alikuwa amesinzia hospitalini, kwenye kiti chake cha siku zote, mkono umeunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Miguuni alikuwa amewekewa pedali za kukanyagia. Yeye alizigeuza kitundikio cha kofia yake.

"Mzee, usipoifanyisha mazoezi miguu hiyo, itakukimbia," Sista Kiondo alikuwa akimwambia tangu Machi. Mzee, refa wa mpira kwa miaka ishirini, alijibu kwamba miguu yake imestaafu kwa heshima zote.

Basi ikamkimbia. Wa kulia ulijitoa taratibu, kama mtu anayetoka ibadani kabla ya sadaka. Wa kushoto ukafuata, kisha ukarudi kuchukua soksi.

"Mnakwenda wapi?"

"Barazani. Tumekushitaki."

"Nishike shingo, tusichelewe," ilisema mashine, ikaanza kusukumika.

Mlango wa wodi unafungukia uwanja wa mpira. Baraza la kata limekaa katikati, nyasi zinawafika magotini wale wenye magoti. Mwenyekiti ni figo lake la kulia. Limevaa koti na linapiga miayo.

"Mlalamikaji aseme."

"Nimemkimbiza huyu miaka ishirini," ulisema mguu wa kulia. "Siku hizi kazi yangu ni kuning'inia. Juzi ngazi za nyumbani zilitushinda. Akabebwa mgongoni na mkwe wake."

Baraza zima likaguna. Mzee aliinamisha uso. Jambo lile hakumwambia mtu. Mkwe mwenyewe, kijana mwenye adabu, hakusema neno, na hapo ndipo palipouma.

"Mwenyekiti, mimi mgonjwa. Nachoka."

"Mimi pia nilichoka," lilisema figo. "Nikaacha kazi. Umeona faida yake?"

Mzee akataka kutoa kadi nyekundu. Kadi ikakataa kutoka mfukoni.

"Basi nitafanya saa nzima kila siku!"

Mguu wa kushoto ulicheka mpaka ukaanguka. "Ahadi hiyo uliitoa Machi. Ilidumu Jumatatu moja, kisha ukasema tumestaafu. Sisi tunataka dakika kumi tu, kila ukija hapa, mapema kabla hujachoka. Na awepo mtu wa kukuuliza."

"Nani ataniuliza?"

Anasimama Bi Zawena, muuza vitumbua, mgonjwa wa kiti cha jirani. Mashine yake ameipakata kama mjukuu.

"Mimi. Nikikuta kofia juu ya pedali, naikalia. Na kwa mwili huu unaouona, haitavalika tena."

Hati ikaandikwa. Bi Zawena akaweka dole gumba, miguu ikarudi mahali pake. Mara ya kwanza ilikosea ikakaa kulia-kushoto, ikabidi ibadilishane.

Mzee aliamka. Sista Kiondo alikuwa anampima presha.

"Iko sawa," alisema Sista. "Hata mazoezi ungeweza, ila najua umestaafu."

Mzee aligeuka kumtazama jirani yake. Bi Zawena alikuwa amefumba macho, anafuta dole gumba kwa ncha ya kanga. Kanga ilikuwa imeingia wino wa zambarau, mbichi.

"Kumi, mzee," alisema bila kufumbua macho. "Nahesabu."

Mzee Shekolowa akaondoa kofia, akaanza kukanyaga. Mguu wa kushoto ulinung'unika kidogo, kwa sauti ya kawaida ya goti.