Mstari wa Kapteni Pasi

Nimewashonea wanajeshi kwa miaka kumi na tisa, na sijawahi kuona kichwa kitupu kilichovaa nadhifu kama Kapteni Pasi. Jina hilo alipewa na askari wake mwenyewe, kwa kunong'onezana, likamkaa kuliko alilopewa na mama yake. Sare za mabaka zimetengenezwa ili mtu apotee kichakani, adui apite karibu asimwone. Huyu alizivaa ili aonekane. Suruali aliniamuru niipunguze hadi akawa hawezi kuchuchumaa. Mikono ya shati aliikunja ndani-nje, ule upande uliopauka ukazunguka misuli yake kama bandeji. Buti zake zilimeta hata ungeweza kujitazamia ukinyoa ndevu. Vita pekee alivyowahi kupigana ni vya kugombea kioo.

Siku moja aliingia chumba changu cha ushonaji na amri. Sare zote za kombania yake, themanini na mbili, zishonwe mstari wa pasi kwa cherehani, miguuni na mgongoni, usifutike hata kwa mvua. Kisha zitiwe wanga.

"Mama fundi, nataka mstari unaokata mkate."

"Afande, hizi ni za porini. Porini hakuna kitu kilichonyooka namna hiyo."

"Kwako hizi ni nguo tu. Kwangu ni nidhamu."

Nikasema sawa, afande. Moyoni nilisema mengine. Debe tupu haliachi kuvuma.

Binti yangu alikuwa koplo katika kombania hiyohiyo, mwaka wa saba na tepe zake mbili. Mtihani wa usajenti ulikuwa wiki ile: unajificha kilimani, wakaguzi wanakaa hatua mia mbili na darubini, saa nzima ikiisha hujaonekana, umepita. Alishaanguka mara mbili, na kwa kanuni mara ya tatu ndiyo ya mwisho. Lakini kabla ya mtihani kulikuwa na gwaride, na Pasi alitangaza kwamba asiye na mstari atakatwa jina kwenye orodha ya mtihani.

Mchana binti yangu alikuja, akafunga mlango.

"Mama, yangu usiipitishe kwenye cherehani. Ishikize tu kwa mkono, nyuzi ndefu. Nikitoka gwaride navuta uzi, naisugua matope, naenda zangu kilimani."

"Akikagua kwa karibu je?"

"Huyo? Hasogei kwa mtu, anaogopa kuchafuka."

Tulicheka sote wawili. Nikamwambia, sawa mwanangu.

Zamu ya sare yake ilipofika, nilichukua sindano, nikashikiza mguu mmoja kama alivyotaka. Nikautazama. Ulikuwa umepindapinda, kazi ya mwanafunzi wa wiki ya kwanza, katikati ya rundo la sare zilizonyooka. Nikaona aibu. Kazi ya namna ile haijawahi kutoka mezani kwangu, na sikutaka ianze kwa mtoto wangu wa kumzaa. Nikajiambia Pasi ataigundua, atamkata jina. Kwa kisingizio hicho nikafumua, nikaipitisha kwenye cherehani, mshono wa kwenda na kurudi. Sikumwambia.

Siku yenyewe Pasi alinichukua na sindano yangu, kifungo kisije kikadondoka mbele ya wakaguzi. Gwaride likapita, akatabasamu. Nikamwona binti yangu kando ya lori akitafuta uzi wa kuvuta. Alivuta, akainama kuangalia, kisha akainua macho kunitafuta. Nilijifanya napanga vifungo. Filimbi ikalia. Akajipaka matope harakaharaka, lakini wanga uliyakataa, yakabanduka.

Pasi naye akapanda kilimani, kuonyesha mfano. Meja aliyeongoza wakaguzi hakumaliza hata kurekebisha darubini yake.

"Kapteni, toka hapo. Buti zako zinaniumiza macho."

Nilicheka hadi nikajichoma sindano. Wakafuata wengine, mmoja baada ya mwingine, wote kwa mstari uleule, na kila aliyetolewa nilimgeukia Pasi nimwone anavyomeza mate. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Dakika hamsini zikapita. Binti yangu alikuwa hajaonekana. Nikaacha kucheka, nikaanza kuomba.

"Pale, chini ya miiba," meja akasema. Akatazama kwa muda. "Kuna mstari. Koplo, toka."

Akashusha darubini, akanigeukia.

"Ni wewe uliyezishona?"

"Ni mimi, afande."

"Una mkono mzuri, mama. Hatua mia mbili, na mstari haujapinda hata kidogo."

Miaka yote ile nilikuwa nikitamani mtu mwenye cheo aniambie neno kama hilo. Sasa nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimemdharau Pasi kwa kupenda kuonekana, kumbe ugonjwa wake ninao, tena mimi nimemwambukiza mtoto.

Binti yangu aliteremka na miiba mikononi, akanipita bila shikamoo. Nilimwita. Hakugeuka.

Kapteni Pasi akaja akasimama mbele yangu, kifungo cha shati kikiwa kiganjani mwake.

"Kimedondoka, mama fundi. Nishonee, kabla hawajapiga picha."

Nikamshonea. Nikakaza uzi, nikaangalia kama kimekaa sawasawa.