Kanzu Isiyokatwa

Nguo za marehemu hazikai ndani. Arobaini ikipita hugawiwa ndugu na majirani, na aliyetangulia akapata thawabu zake. Lakini za Muhsin hazikugawiwa, maana mama yake, Bibi Amne, alikataa katakata.

"Siku nikiona shati la mwanangu kwenye mgongo wa mtu barabarani," alisema, "mnizike siku hiyo hiyo."

Ndipo Husna, mjane wa Muhsin, alipojitolea kuzishona mfarishi, tandiko la viraka la kitandani. Shati likishakuwa vipande halivaliwi na mtu. Bibi Amne akaridhika, akatoa zote isipokuwa kanzu nyeupe ya Idi. Hiyo aliilalia chini ya mto.

Muhsin alikuwa mpakiaji wa vitunguu, akipanda na kushuka na malori. Homa ilimkamata Mkumbara, akarudishwa kwao Mazingara amekwisha kukafiniwa, akazikwa kabla ya magharibi. Bibi Amne siku hiyo miguu ilimgomea, hakufika kumuaga. Husna alifunuliwa uso wa marehemu, akamwona. Kwa hiyo yeye alijua.

Sasa alikuwa kwenye eda, hatoki nje ya ua, mwenzake cherehani. Alizifua nguo zile na kuzipiga pasi mpaka harufu ya vitunguu ikatoka, kisha akachukua mkasi. Mtindo alioutaka alifundishwa na Joyceline, fundi wa Korogwe, aliyeuita bajelo. Nguo unazikata mikanda mirefu, unaishona kando kwa kando kwa mpangilio wa rangi, halafu mkanda wa mwisho unauunga na wa kwanza, kitambaa kinakuwa mviringo kama mkono wa shati. Mviringo huo unaukata pete pete. Kila pete unaifumua mshono mmoja, ila si ule ule. Hii hapa, inayofuata hatua moja juu. Ukizipanga ubavu kwa ubavu, rangi hupanda na kushuka kama mawimbi.

Alianza na shati la bluu, lile ambalo Muhsin alijishonea mfuko mwenyewe kwa uzi mwekundu. Jioni yake akapita Semboja, mchuuzi wa kuku, mtu wa njiani siku zote. Kwa heshima ya eda aliishia barazani, na Husna akawa anasikia nyuma ya mlango.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kuniibia jogoo wangu?"

"Leo sitaki kuku. Bibi, nimeona mtu Mkumbara, anatembea kando ya lami. Mgongo wa marehemu kabisa. Nusura nimwite."

"Wewe mbuzi wako mwenyewe humtambui mpaka alie."

"Shati la bluu, bibi. Ubavuni mfuko unaning'inia, umeshonwa uzi mwekundu."

Husna alitazama mapajani mwake. Mfuko ulikuwa pale, umekatwa.

Baada ya siku kadhaa alikata shati la kitenge, na Semboja akaja na habari ya mtu mwenye kitenge stendi ya Korogwe. Alipokata jezi ya kijani, mtu akaonekana Segera. Bibi Amne hakutania tena. Alikuwa akimsubiri Semboja barazani tangu asubuhi, kibao chake kimeelekezwa njiani. Husna alikata msuli wa miraba, huku akijiambia kwamba nguo ya kulalia haiendi safari.

"Mkata," alisema Semboja, sauti imepungua. "Na msuli, bibi. Barabara kuu, malori yanapita, yeye anakwenda kama mtu anayetoka uani kurudi kitandani."

"Uso umeuona?"

"Hageuki. Nilimpita na pikipiki, nikaangalia nyuma, bado nikaona mgongo."

Siku ile Bibi Amne aliingia na kanzu, akaiweka juu ya cherehani.

"Kata."

"Mama, mimi nilimwona."

"Wewe ulimwona. Mimi sikumwona. Toka Mkata hadi hapa ni pua na mdomo. Kata, mwanangu."

"Hapa aliondoka amevaa nyeupe ya sanda, mama. Akifika mlangoni na nyeupe, utamfungulia?"

"Nitamfungulia," alisema Bibi Amne, akatoka.

Mkanda mmoja tu ulibaki mviringo ufungike. Husna alitandaza kanzu, akaweka mkasi kwenye pindo. Kilichomtisha ni kwamba mkono wake ulitaka. Alikuwa amekwisha kusikia namna Muhsin alivyokuwa akikung'uta viatu kizingitini. Kisha akakumbuka: hageuki. Akamwaza mtu anayeingia mlangoni kinyumenyume, anakuja hadi kitandani kinyumenyume, na mama yake anamzunguka, anautafuta uso.

Aliikunja kanzu. Akafungua sanduku, akatoa kanga ya zambarau aliyoletewa na Muhsin kutoka Korogwe, iliyowekwa mpaka eda iishe. Mtu akitoka kwake akikosa wa kumsindikiza, huwa anarudirudi; basi yeye atamsindikiza. Akaikata kanga, akaunga mkanda wa mwisho na wa kwanza.

Kesho yake Semboja hakuteremka kwenye pikipiki.

"Bibi, mimi si mtu wa maneno. Husna yupo?"

"Aende wapi na eda yake?"

"Jana alasiri nimemkuta njia panda. Kanga ya zambarau, kashikwa mkono na mwanamume. Walikuwa wanaondoka, wameelekea kwenye lami. Nikanyamaza, nisije nikamwaibisha mwenye eda."

Kisha mlango ukasukumwa, Bibi Amne akasimama mbele ya Husna. Aliona pete za rangi zimepangwa sakafuni, na zambarau ikipanda na kushuka kati yake. Aliona kanzu, nzima. Akamshika Husna shavu, kama mtu anayepima mtoto homa.

"Upo?"

"Nipo, mama."

Bibi Amne aliliachia lile shavu. Halafu akaichukua kanzu, akatoka nayo.

"Semboja. Vaa."

"Bibi, hii si ya marehemu?"

"Vaa. Ni yako. Pita nayo barabarani, pita nayo sokoni, watu wakuone."

Husna alisikia kitambaa kikivutwa kichwani, na Semboja akihema.

"Sasa nenda hatua chache. Simama hapo. Haya, geuka."

"Nigeuke?"

"Geuka, baba, nikuone uso."

Bibi Amne alianza kulia, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Ndani, Husna aliinua mkono wa kulia kujifuta macho, akausitisha. Kiganja kilinuka vitunguu. Nyumbani havikuwepo tangu juzi. Alikikunja, akakiweka kifuani, na adhana ya alasiri ilipolia alichelewa kidogo kwenda kutawadha.