Nazi Thelathini na Nane za Mnazi wa Mwisho

Mnazi wa nyuma ya choo ndio pekee uliobaki shambani. Mingine iliugua, ikamwaga majani, ikabaki imesimama kama nguzo. Huo haukuugua. Shangazi akauangua: nazi thelathini na nane zilizokomaa. Wiki iliyofuata radi ikaukata kichwa. Basi mbegu zetu zote zikawa hizo.

Shangazi alichimba mashimo thelathini na nane mpaka goti likamvimba. Kabla ya kupanda, yeye hulaza nazi majini wiki mbili ili makumbi yalainike. Huziweka kwenye mfereji wa nyuma, ambamo maji ya bahari hupanda na kushuka, akauziba kwa wavu. Kwa sababu ya goti, safari hii wavu niliufunga mimi.

Niliufunga asubuhi, maji yamekupwa. Ulinifika kifuani, nikaona unatosha. Sikukumbuka kwamba siku ya tano mwezi ungekuwa mpevu, na maji ya bamvua yangepanda kuliko siku zote.

Siku hiyo ya tano nilikuwa nikiosha vyombo nilipoona maji yamefika kwenye jiwe la kufulia. Nikakimbia. Wavu ulikuwa umezama, na nazi zilikuwa zikipita juu yake moja moja, bila haraka, kama watu wanaotoka mkutanoni. Nikajitosa. Nilikamata mbili, niliponyoosha mkono kwa ya tatu, zile mbili zikanichomoka kwapani.

Nikaenda kwa jirani yetu, fundi wa mitumbwi. Mtumbwi wake ulikuwa umepinduliwa, anaziba nyufa kwa pamba na mafuta. Nikasimama. Mimi maneno hunichelewa.

"Leo bubu wetu ana habari," akasema. "Sema basi, mwanangu, au niimbe kwanza?"

"Nazi," nikasema.

"Zimefanya nini?"

"Zinaondoka."

Akacheka, akatazama nilikoonyesha, kicheko kikakatika. Akaupiga mtumbwi ngumi. "Huu nikiutia majini sasa hivi tunazama nao. Ungekuja hata jana!"

Jana sikuwa na habari ya kusema.

Shangazi alikuja akichechemea na fimbo.

"Wavu uliufunga saa ngapi?"

"Asubuhi, Shangazi. Maji yamekupwa."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Tulisimama tukazitazama zikiwa vichwa vidogo, kisha nukta, kisha bahari tu.

"Zitazama?" nikauliza.

"Nazi haizami, mwanangu. Kumbi lote lile ni boya lake. Itakaa majini miezi na bado itaota."

"Wapi?"

"Popote itakapotupwa. Kwa mtu mwingine."

Kesho yake nilitembea ufukwe mzima. Niliokota kokwa za maembe, nikaona mbegu za mikoko zimejichomeka topeni, na nazi moja tu. Haikuwa na ile alama ya rangi nyekundu tuliyozipaka zetu zote. Ilikuwa imegandwa na makombe madogo, nayo ina chipukizi refu kama kidole.

"Yetu?" Shangazi akauliza.

"Hapana."

Akaigeuzageuza. "Kama inavumilia ugonjwa, tutajua baada ya miaka saba." Akaanza kuhesabu kwa vidole umri atakaokuwa nao, akaachia njiani.

Tukaipanda kwenye shimo la kwanza. Yale mengine thelathini na saba yalikuwa yameshajaa maji.