Nati ya Chini ya Benchi

Mume wangu ni mbishi tangu namjua. Hapa bwawani wanamwita Nahodha. Jina nililianzisha mimi kwa kumkejeli, likamganda, na yeye akalipenda. Kazi yake ni kuvusha wanafunzi kwa boti ndogo ya mota ya umeme.

Juzi mota ilizimika katikati ya maji, watoto wamo, moshi unafuka chini ya benchi. Mwalimu mkuu hakufoka. Alisema tu kwamba ikitokea tena, watoto watatafutiwa boti nyingine. Nahodha alirudi nyumbani hakugusa chakula, tena ana kandambili moja mguuni. Ya pili imebaki njiani huko. Nilimsema mpaka koo likakauka: mtu mzima anapotezaje kiatu alichokivaa?

Leo Jumamosi tukashuka gatini wawili, yeye mbele, mimi nyuma na boksi la spana. Aliiacha boti imefungwa kamba, akawasha mota mpaka mwisho, kwa sababu joto la waya hulijui mpaka mota ifanye kazi kweli. Maji yakatibuka. Baadaye akazima, akaingiza mkono chini ya benchi iliko betri. Mle ndani huoni kitu, unafanya kazi kwa kupapasa.

"Baridi," akasema. "Huku hakuna tatizo. Mota ndiyo mbovu."

"Na hiyo harufu ya plastiki?"

"Pua yako hiyo."

"Hebu toka."

Nikaingiza mkono palepale alipotoa wake. Mama yangu! Niliuchomoa mbio, nikatumbukiza vidole majini, nikamtolea maneno ambayo sitayarudia hapa.

"Baridi hiyo? Unataka kuniunguza?"

Hakucheka. Huyu ambaye nikijikwaa tu anacheka mpaka jioni! Nikamshika kiganja, nikakigeuza. Ncha za vidole zilikuwa nyekundu, zina malengelenge ya siku mbili tatu, moja limeshapasuka, naye anayatazama kana kwamba ni ya jirani.

"Ganzi hii imeanza lini?"

"Lete spana," akasema.

Spana sikumpa. Nilisubiri joto lipungue, yeye akazima swichi kuu, nami nikalala kifudifudi na tochi ya simu na kioo changu cha mkobani. Kwenye kioo nikaiona nati, na chini yake kile kipande cha shaba cha kwenye ncha ya waya. Nikafungua. Chini ya shaba, juu ya betri, kulikuwa na washa, kile kipete chembamba cha chuma.

Wimbo wake naujua, kila mwenye boti ameshaimbiwa: shaba ilalie betri yenyewe, washa ije juu, nati mwisho. Ukiiweka washa katikati, umeme unapita kwa taabu, pale panachemka. Fundi akikosea hivyo, Nahodha humcheka wiki nzima.

"Washa iko chini," nikasema.

"Haiwezekani. Nilifunga mwenyewe, nikapapasa..."

Akavitazama vidole vyake.  Nami nikaikumbuka ile kandambili. Kumbe mguu haukumwambia kwamba kiatu kimetoka. Na daktari wake wa sukari alimuuliza kama miguu na mikono inakufa ganzi, mbele yangu, bwana huyu akajibu yuko fiti! Nilishikwa na hofu, na mimi nikiogopa nakasirika, basi ile shaba niliipiga msasa mpaka ikang'aa.

Nikafunga upya, shaba chini, washa juu, nati nikaikaza kwa nguvu zangu zote. Tukawasha tena boti ikiwa kwenye kamba. Nikagusa: vuguvugu tu. Akafungua kamba, tukaelekea katikati ya bwawa, mkono wake mmoja kwenye usukani, mwingine juu ya benchi karibu yangu.

"Unasikia inavyokwenda?" akasema, macho mbele. "Mwalimu mkuu aje aone. Nilikwambia hii boti haina shida." Akaendelea hivyohivyo mpaka akashangaa. "Na wewe leo vipi, huna hata neno?"

Akageuka, akaona. Vidole vyangu vilikuwa vimefumbata vyake.

"Umenishika saa ngapi?"

"Tangu tulipotoka gatini."

Akapunguza mwendo. 

"Tangu mvua za mwaka jana," akasema. "Ningekwambia, ungeninyang'anya boti."

"Nakunyang'anya sasa hivi." Nilikuwa nalia, wala sikujificha. "Jumatatu hospitali."

"Na watoto?"

"Nawavusha kwanza, halafu tunakwenda."

"Wewe? Utagonga gati."

"Basi nifundishe, nisigonge."

Akasogea, akaniachia usukani. Njia nzima ya kurudi alinielekeza bila kutazama mbele hata mara moja. Alikuwa akiutazama mkono wangu uliobaki ndani ya wake, asije akauachia bila kujua.